Kijani cha Injini ya Abiria

Harufu ya rangi ya mafuta iliyozimuliwa kwa mafuta ya taa bado hunikamata kooni. Nikipita sokoni Kasongo mahali wanapopaka milango ya chuma, hupunguza mwendo bila kutaka, na papo hapo najiona nina miaka tisa, nimechuchumaa barazani kwa babu, nimeshika kisahani cha rangi, na mama yangu yuko Salamabila. Kiangazi kile chote kimo ndani ya harufu hiyo. Watu hudhani kumbukumbu za utotoni lazima ziwe tamu. Hii yangu haina utamu, na kwa miaka mingi haikuwa hata na uchungu. Ilikuwa kama mguu ulioukalia vibaya ukafa ganzi. Unajua ni wako kwa sababu tu unauona.

Babu, baba yake mama, alikuwa mpaka rangi wa injini katika karakana ya reli ya Kindu, enzi za injini za mvuke. Alipostaafu alirudi Kasongo na vitu viwili vya kazi: brashi moja nyembamba ya kuchorea mistari, na ubao. Ubao wenyewe ulikuwa na urefu wa mkono wa mtu mzima, umepakwa mabaka ya rangi zote za injini ya abiria, kijani cha tangi la mvuke, nyeusi ya pua penye bomba la moshi, nyekundu ya boriti ya mbele, manjano ya mistari. Injini za mizigo, alisema, hazikuwa na kazi. Zilikuwa nyeusi tupu, hata ukifumba macho utapaka. Ya abiria ndiyo iliyompa mtu jina. Mstari wake wa manjano haukuzidi unene wa punje ya mchele, nao ulizungushwa tangi zima kwa mkono bila rula. Ukitetemeka mahali pamoja, msimamizi alikufutisha wote uanze upya. Babu alitusimulia habari hiyo mara nyingi hivi kwamba hata kuku wa pale nyumbani nadhani waliijua.

Mama alikuwa amelipanda gari-moshi la injini hiyo utotoni, kutoka Kindu hadi stesheni ya Samba, wala hakuacha kulitaja. Kabla ya kwenda Salamabila kuwauzia wachimba dhahabu sabuni na vitenge, alimwambia babu, "Baba, unitengenezee ile yetu. Nikirudi niikute." Aliahidi kurudi kabla ya mvua, akaondoka na wanawake wenzake, mzigo kichwani, na mimi sikumsindikiza hata hadi njia panda kwa sababu nilikuwa nimenuna.

Babu alianza wiki ileile kuunda injini ndogo ya kuweka mezani. Tangi alilitengeneza kwa mikebe ya maziwa, magurudumu kwa vifuniko, bomba la moshi kwa kipande cha pampu ya baiskeli. Macho yake yalikuwa yameanza kuingia ukungu, na alisema wazi kwamba baada ya hiyo hatatengeneza nyingine. Rangi aliichanganya asubuhi tu, kwa kuwa jua la mchana, alidai, linakula rangi. Alipaka tone kwenye ukucha wa dole gumba, akangoja likauke, kisha akauweka ukucha juu ya ubao na kulinganisha. Kazi yangu ilikuwa kuuteremsha ubao ukutani kila asubuhi na kuupangusa.

"Kitambaa kikavu tu," alinionya. "Usitie mayi, usitie sabuni, usitie kitu. Huu ubao iko kitabu yangu."

Siku moja alinionyesha baka la kijani akaniuliza, "Hii iko rangi gani?"

"Ya majani."

"Majani ya nini? Ya ndizi? Ya muhogo? Angalia muzuri." Akacheka. "Hii iko sombe ya mama yako, mbele ya kutia mawese. Mawese ikiisha kuingia, haiko yetu tena."

Mimi nilisikia sombe tu, kile kisamvu cha kutwanga cha mama, nikaona njaa.

Kiangazi kikasogea. Mawingu yakaanza kukusanyika, mama hajaja. Kisha mpita njia akatuambia kwamba wanawake wa Salamabila ameachana nao Lusangi, wako njiani. Nilitaka mama akute nyumba inang'aa. Kwetu, kitu cha mti kikitakiwa kung'aa kilipakwa mawese: vigoda, mlango, meza ya sikukuu, hata miguu yetu Jumapili kabla ya kwenda kanisani. Mama mwenyewe ndiye aliyenifundisha. Babu alikuwa ametoka. Nikapaka vigoda, nikapaka mlango, na mkono ukiwa bado na mafuta nikauteremsha ubao, nikaupaka vizuri kabisa, nikauanika juani ili unywe.

Babu aliporudi, mawese yalikuwa yameshaingia katika nyufa zote za ile rangi ya zamani. Kijani kilikuwa kimegeuka tope la manjano. Aliusogeza ubao karibu na pua, akauangalia kwa muda mrefu, akasema "Mm." Kisha akautundika mahali pake, uso umeelekea ukutani. Hakunipiga, hakunikaripia, na kwangu hilo lilikuwa baya kuliko kofi.

Kesho yake wanawake wakafika bila mama. Walikaa barazani, na mkubwa wao ndiye aliyesema. Homa, siku tatu, basi. "Tulimuzika muzuri," alimwambia babu. "Na kitenge yake ya mupya."

Sikulia. Niliitazama injini ya mikebe pale kwenye meza, bado haijapakwa, nikanusa rangi. Majirani walisema mtoto huyu ana moyo mgumu. Hawakukosea sana, nilijipapasa ndani nikakuta hakuna kitu. Matanga yalipokwisha babu alirudi kwenye kisahani chake. Alipaka bila ubao, uso umekaribia kugusa bati, nami nikishika kisahani na kujiambia: anakisia. Injini ya mama imepakwa rangi ya uongo, na mkono uliofanya hivyo ni wangu. Alipomaliza mstari wa mwisho alisema, "Imeisha," akaiweka juu ya kabati. Alikufa mvua za mwaka uliofuata, na sikumwuliza kama alikisia.

Leo mimi ni mwalimu, nina mtoto wa kiume aliyenizidi urefu. Kwenda Kindu siku hizi ni pikipiki na vumbi, na gari-moshi likijaliwa kufika Samba watu wanapigiana simu. Miezi michache iliyopita mwanangu alisambaza picha ya ile injini kutoka simu yake, na mzee mmoja wa Ubelgiji anayetengeneza magari-moshi madogo ya kuchezea nyumbani akaandika. Picha zote alizo nazo za injini hizo hazina rangi. Anataka kupaka yake. Je, hicho ndicho kijani chenyewe?

Sikujibu siku kadhaa. Mwishowe niliuteremsha ubao kutoka darini, nikasema angalau nimpigie picha ile nyekundu, ambayo mawese hayakuibadili sana. Kwenye ncha ya juu palikuwa na utepe wa mpira wa tairi ambao babu aliupigilia misumari ili auning'inizie ubao. Nikaung'oa kwa kisu. Chini yake palikuwa na kijani cha upana wa vidole viwili, mahali mawese hayakufika. Nikaileta injini mlangoni, kwenye mwanga wa asubuhi, nikaviweka pamoja. Nikageuza huku, nikageuza huku.

"Mama," mwanangu alisema, "iko rangi moja tu."

Babu hakukisia hata kidogo; kijani alikuwa nacho kichwani. Na ubao hakuugeuza kwa hasira; aliugeuza ili mimi nisilione kosa langu kila asubuhi. Niliketi kizingitini nikamlilia mama yangu, baada ya miaka thelathini, kwa sauti, hadi mwanangu akaogopa. Aliponiuliza amjibu nini yule mzee, nilijifuta kwa kitenge.

"Mwambie ndiyo yenyewe," nilisema. "Mwambie apike sombe, aangalie mbele ya kutia mawese."