Wifi Yangu na Lile Gari Jeusi
Niseme mapema: wifi yangu sikumpenda siku za kwanza. Kaka yangu alipomleta nyumbani nilisema huyu ni mpole mno, hata kuku atamnyang'anya sahani. Nilikosea, na kukiri kosa si kawaida yangu, kwa hiyo msinikatize.

Tunafanya kazi gereji moja. Mimi nakaa stoo, natoa vipuri. Yeye alikuwa akiosha magari. Miaka tisa. Wenzake walimbatiza Ndoo, naye akaitika bila kununa. Alichokitaka kilikuwa kile chumba cha mwisho, chenye taa nyeupe na mashine ya polishi, ambako gari huingia limechujuka likatoka linang'aa. Kila alipoomba, fundi mkuu alimjibu kwamba mashine ile inataka mtu mwenye mabega. Yeye anarudi kwenye maji yake, mimi nabaki stoo nasaga meno kwa niaba yake.

Ndipo likaja gari jeusi. Juu ya rangi ya gari kuna vanishi, lile tabaka lisilo na rangi ambalo ndilo hasa linalong'aa. Vanishi ya gari hili ilikuwa laini kupita kiasi, ukiipitishia tu mkono wa shati inabaki na alama. Wapiga polishi wetu wawili walilihangaikia, mmoja Jumatatu, mwenzake Jumanne. Chumbani lilipendeza. Likitolewa juani, boneti nzima imejaa mistari myembamba kama nywele zilizochanwa. Wakakandamiza mashine zaidi, wakatumia dawa kali zaidi, na sasa juu ya mikwaruzo ukaja ukungu. Mwenye gari alikuwa anakuja Ijumaa saa tisa alasiri, na alishasema likiwa vilevile ataondoka nalo pamoja na magari yote ya ofisi yake.

Jumatano asubuhi wifi aliweka ndoo chini, akamwendea fundi mkuu mbele ya watu, akaliomba lile gari. Wale wawili waliangua kicheko. Fundi mkuu hakucheka, maana maji yalikuwa yamemfika shingoni.

"Sawa," alisema. "Likitoka safi Ijumaa, chumba ni chako. Lisipotoka, unarudi kwenye ndoo, na habari za polishi nisizisikie tena."

Nilimfuata hadi chumbani nikamwambia amejitafutia balaa kwa mdomo wake mwenyewe. Alikuwa ameinama na taa ya mkononi, anaimulika boneti kwa ubavu, pua yake inakaribia kuigusa. Baadaye akaniita.

"Wifi, hebu njoo. Mashine si inazunguka?"

Nikamwambia inazunguka, hata mtoto anajua.

"Basi mbona mikwaruzo hii imenyooka?"

Niliangalia. Kweli ilikuwa imenyooka, kutoka kwenye kioo cha mbele hadi kwenye taa, njia ileile ambayo mkono wa mtu hupita anapofuta. Ukungu ulikuwa wa mashine, kwa kukandamizwa. Mikwaruzo ilikuwa ya kitambaa. Mabingwa wetu walikuwa wanapiga polishi, halafu wanafuta mabaki ya dawa kama mtu anayesugua sufuria iliyoungua, wanaharibu walichotoka kutengeneza, kisha wanailaumu vanishi. Siku mbili nzima. Nilicheka mpaka nikashika ukuta.

Alhamisi alinimalizia stoo. Alitaka sponji laini kuliko zote, nikampa sita, akasema hazitoshi, kila kipande cha bodi na sponji yake, kwa sababu sponji ikishajaa unga wa vanishi nayo inakwaruza. Alitaka vitambaa vipya, akakata lebo zote kwa mkasi, akaviosha. Akavua pete yake ya ndoa, isije ikakwaruza, akanipa nimtunzie. Jioni kaka yangu alipoiona kidoleni kwangu akauliza kama sasa mkewe ameolewa na mimi. Mashine aliiendesha polepole, akaiachia uzito wake wenyewe, yeye akiiongoza tu. Kwenye kufuta alikuwa anapuliza maji ya dawa kidogo, analaza kitambaa, anakivuta kwa ncha bila kukibonyeza, anakigeuza upande safi. Mlango wa dereva ulimkatalia mara mbili. Mara ya pili alikaa chini sakafuni, akalia kidogo, akajifuta uso kwa koti lake la kazi, akaanza upya. Nilimpenda siku ile, na ndiyo ilikuwa siku ya kwanza.

Ijumaa saa tisa gari lilitolewa juani. Gereji nzima ikaacha kazi. Nyaya za umeme zilizopita juu yetu zilionekana kwenye boneti, moja moja, na ndege aliyekaa juu ya waya akaonekana anajikuna. Mwenye gari alilizunguka mara mbili, akajitazama kwenye mlango wake akatengeneza kola, akauliza ni nani amefanya kazi hii.

"Wifi yangu," nikasema, kwa sauti iliyofika barabarani.

Fundi mkuu alingoja mpaka gari lilipoondoka, na gari la pili la ofisi yake mwenye gari likaingizwa, nalo jeusi. Akaenda kuchukua kitambaa kipya, akaja nacho mpaka alipokuwa amesimama wifi.

"Chumba ni chako," alisema. Kisha akashusha sauti, lakini mimi masikio yangu hayana adabu. "Wale wawili nimewafundisha kufuta mimi mwenyewe. Miaka yote hii. Hebu nionyeshe."

Nilitamani wifi amrudishie maneno yake yote, ya mabega na ya ndoo. Wifi hakumrudishia hata moja. Alimpeleka kwenye boneti, akamtazama akifuta mara moja, akatikisa kichwa.

"Bado unabonyeza, fundi. Rudia."

Akarudia.