Mama, Usiinuke

Mtaa mzima ulimwita Mkasi, na jina hilo hakupewa bure. Mletee wimbo wowote, atamtoa mwimbaji kwa kompyuta, akuachie magitaa na ngoma, ujiimbie harusini ujione staa. Wenzake wa kazi hiyo huhifadhi wimbo mpya kando, ule wa asili wakauacha ulivyo. Mkasi, kwa maringo yake, alihifadhi juu ya ule ule. "Nakala ni za waoga," alisema. Haya.

Siku hiyo mteja alikuwa mama mkwe wake. Alileta flashi yenye wimbo mmoja tu, alioimba marehemu mumewe enzi za bendi. Kanda yenyewe ilishaliwa na redio. Alitaka ala tupu, aimbe yeye mahali pa mzee siku mjukuu wao atakapoolewa. Akakalia kigoda cha wageni. Mkasi akabonya hapa, akabonya pale, sauti ya mzee ikayeyuka, akahifadhi.

"Safi, mwanangu. Sasa niwekee ile yake, nimsikie kidogo."

Mkasi akafungua flashi. Magitaa. Akafungua tena. Magitaa. Mzee wa watu alikuwa amekufa mara ya pili, na safari hii muuaji alijulikana.

"Mbona haimbi?"

"Anakuja, mama. Anajiandaa."

Tumaini lilibaki moja. Programu ilikuwa bado wazi, na maadamu iko wazi inakumbuka kila hatua. Unaweza kuirudisha nyuma. Ikizimika, imesahau. Akabonya kurudisha. Kiduara cha kusubiri kikaanza kuzunguka, hakikomi. Na kompyuta yenyewe betri ilikufa zamani. Iliishi kwa waya, na plagi yake ililegea ukutani, haishiki mpaka mguu wa kigoda chenye mtu uibane. Kigoda kipi? Hicho hicho alichokalia mama mkwe.

Mama akashika magoti yake. "Ngoja nikanywe maji, utaniita."

"Mama, usiinuke!"

Jamani, mkwe hamfokei mama mkwe.

"Unasemaje wewe?"

Mkasi akaelekeza kidole kwenye plagi. "Nimemfuta baba, mama. Anarudi, lakini umeme uko chini yako. Ukiinuka, ndiyo basi tena."

Mama hakupiga kelele. Alishika kigoda kwa mikono miwili, macho yamemtoka, akaacha hata kupumua. "Mtoe," akanong'ona. "Mtoe huko upesi, mpumbavu wewe."

Kioo cha kompyuta kikapepesa.

"Sijasogea!"

"Najua, mama."

"Mguu unakufa ganzi."

"Vumilia, mama."

"Nakuvumilia tangu umwoe binti yangu."

Kiduara kikapotea. Kikasikika kikohozi kidogo, kisha sauti ya mzee ikaingia, imechelewa nusu pigo kama kawaida yake. Mama akafumba macho. Mkasi akanyoosha kidole ahifadhi tena juu ya ule ule.

"Kwa jina jingine!" mama akafoka.

Akahifadhi kwa jina jingine. Akanakili kwenye flashi, akanakili kwenye simu yake.

"Niinuke?"

"Bado, mama. Lete na simu yako."

Alipomaliza, akauwasha wimbo kwenye simu hiyo, mama akaitia mkobani ikiimba. Mkasi akamwashiria kwa kichwa kwamba sasa anaweza kuinuka. Mama akainuka polepole, akichechemea. Kioo kikawa cheusi papo hapo. Wote wawili wakaruka kwa hofu, na kwenye simu, ndani ya mkoba wa mama, mzee akaendelea kuimba.