Mjukuu Alisema Kweli, Nikamwambia Achukue Kikapu

Nimekosa mimi. Simsingizii mtu, ni mimi mwenyewe, babu mwenye mvi na kidato cha nne changu!

Naishi Mbozi na mjukuu wangu wa miaka kumi na mitatu, niliyemlea tangu mdogo. Wauguzi walipokuja shuleni kuchanja wasichana dhidi ya saratani ya mlango wa kizazi, mimi kama mjumbe wa kamati ya shule nilisimama mbele ya wazazi nikahimiza, "Waleteni watoto!" Lakini uvumi wa kijiweni, eti sindano ile inaharibu uzazi, ulikuwa umeshaniingia. Nyumbani nikamnong'oneza mjukuu, "Waambie uko kwenye siku zako. Hawatakuchoma."

Kumbe mbinu hiyo akawagawia na rafiki zake! Muuguzi akalitazama benchi zima.

"Wote leo? Hata wewe mdogo mwenye pengo la meno ya utoto?" Akacheka. "Hedhi haizuii chanjo, wanangu. Kunjeni mikono ya mashati."

Wakachanjwa wote, na jioni walikuwa wanaruka kamba. Nilicheka mpaka nikakohoa. Laiti yangeishia hapo!

Msimu wa kuchuma kahawa ukafika. Asubuhi moja mjukuu akaniambia, "Babu, tumbo linauma. Nimeanza siku zangu."

Nikajifanya mjanja. "Mbinu hiyo niliitunga mimi, mama. Huwezi kuniuzia. Chukua kikapu!"

"Babu, kweli."

"Kikapu!"

Akaenda. Hakuwa na taulo ya kike, alijisitiri kwa kipande cha kitenge kilichochakaa. Mchana nikasikia wachumaji wakicheka. Alikuwa amesimama katikati ya mibuni, sketi imelowa, anajifunika kwa kikapu, kahawa yote imemwagika chini. Jamani, alivyonitazama!

Binti yangu, yaani shangazi yake, akaja kumchukua akampeleka nyumbani kwake, mjini Mpemba.

Jumapili nikawafuata. Njiani nilinunua taulo za kike. Mwenye duka alitaka kuzifunga kwenye gazeti, nikakataa. Binti yangu akanipokea mlangoni.

"Baba, karibu. Umekuja na kikapu?"

Nilistahili. Mjukuu akatoka, nikamwomba radhi.

"Babu, nikisema naumwa utaniamini?"

"Nitakuamini."

"Hata siku ya shamba?"

"Hata siku ya shamba."

"Na kama ni uongo?"

Uongo wenyewe si nilimfundisha mimi? "Hata hapo nitakuamini," nikasema. "Afadhali nidanganywe."

Akacheka kidogo, akapokea pakiti, akarudi ndani. Kuhusu kurudi nyumbani kwangu, anasema bado anafikiria.

Wazee wenzangu, mkiwa na shaka na chanjo muulizeni muuguzi, achaneni na kijiwe! Nyumbani pasikose taulo safi, sabuni na maji ya moto. Mtoto akisema tumbo linauma, mwacheni alale, shamba halikimbii. Mimi mwaka huu nachuma peke yangu, na jioni nikirudi hakuna hata wa kunicheka!