Kipande cha Nyasi Nilichofyeka

Mwalimu wa mjukuu wangu aliwapa watoto wa darasa lake kazi ya wiki sita. Kila mmoja aache kipande cha nyasi nyumbani kwao kikue, na kila Ijumaa ahesabu wadudu wanaokuja. Chetu kilikuwa nyuma ya nyumba yetu, mtaa wa Hodge Hill, Birmingham, Uingereza, kimezungushiwa uzi mwekundu wa kufumia. Mjukuu alikuwa na miaka tisa. Alinionyesha daftari lake: nyuki watatu, vipepeo wawili, na mdudu mmoja asiyemjua, amemchora tu.

"Hapa usiguse, Babu," alisema kwa Kiingereza. Kiswahili anakielewa, ila hajibu nacho.

"Na nyoka akiingia je?"

"Babu! Nyoka gani wa Birmingham?"

Shuleni kwetu, Kenya, aliyechelewa alipewa fyekeo na kuonyeshwa sehemu yake. Mazingira tulifundishwa hivyo: nyasi fupi, uwanja uliofagiwa. Nimekaa huku miaka mingi, lakini nyasi ndefu nyumbani bado naziona aibu.

Ijumaa ya tano watu wa kanisa walikuwa waje kwetu kusali. Mtoto akiwa shuleni, nilifyeka. Siwezi kusema nilisahau. Uzi niliuona, nikaufungua fundo, nikautia mfukoni. Kisha nikafagia.

Aliporudi alisimama pale na daftari mkononi.

"Nani amefanya hivi?"

"Labda jirani," nikasema.

Wageni walipoondoka nilimpa uzi wake, nikakiri. Aliupokea, akaondoka nao.

Jumatatu nilikwenda shuleni kumwomba mwalimu ampe kazi nyingine. Alikuwa mwanamke kijana, hakunigombeza. "Hapana, mzee. Ataandika sifuri, na sababu yake."

Siku wazazi walipoalikwa, madaftari yalitundikwa ukutani. Nililitafuta lake. Ijumaa ya tano: sifuri. Ya sita: sifuri. Chini ameandika, "Babu alitaka pawe safi." Uongo wangu hakuutaja. Nilisimama pale hadi wengine wakaanza kunipita.

Nyasi zimeota tena, wala sizigusi. Majira haya ya joto nilimwita aje aone nyuki. Ana miaka kumi na mbili sasa. Alichungulia dirishani, akasema kwa upole, "Wahesabu tu wewe, Babu."

Jana walikuwa wanne. Sikuwa na daftari la kuwaandika.