Nusu ya Pili ya Kitabu cha Yustina

Usiku ule Atuganile hakuingia ndani. Alikaa barazani pa nyumba yao ya Chamazi, simu mapajani, masikio yote yako barabarani, akisubiri pikipiki ya Badru. Badru alikuwa kijana wa jirani, dereva wa bodaboda. Jioni alikubali kwenda hadi nyumba ya maombi ya Mtumishi Kornelio, ampelekee Sekela chupa ya maji na kumuuliza kama yu mzima. Sekela alikuwa binti pekee wa Atuganile. Jumapili aliingia katika nyumba ile na wenzake, mlango ukakomewa kwa ndani, na tangu hapo hakuna aliyetoka.

Pikipiki ilikuja taa zimezimwa. Badru alishuka akaiegemeza ukutani. Damu ilimtoka juu ya jicho, ikamshuka mpaka shingoni, na shati lilikuwa limechanika begani.

"Shikamoo, mama," alisema, hivyo hivyo na damu yake.

"Marahaba, mwanangu. Nani kakufanya hivyo?"

"Walinzi wake wawili. Wamenichapa na mkanda wa feni ya gari. Mie nawaambia nimeleta maji tu, wao wanasema nimetumwa na shetani. Chupa wakaimwaga mbele yangu."

"Sekela umemwona?"

Badru alitazama pembeni. "Sijamwona. Nimemsikia."

"Anasemaje?"

"Hasemi, mama. Anachapwa. Wanamtoa pepo la mashaka, ndivyo wanavyoliita. Mmoja anachapa, wengine wanaimba kwa nguvu ili asisikike."

Atuganile alichovya kitambaa kwenye ndoo, akamfuta kijana wa watu uso.

Daniel, mumewe, alitoka ndani na nyundo mkononi. Yeye ni fundi seremala, ana banda lake Keko kando ya barabara. "Nakwenda kuuvunja ule mlango," alisema.

"Utauvunja na nyundo hiyo?"

Daniel alisimama. Mlango ule aliutengeneza mwenyewe. Kornelio alikuja bandani na pesa taslimu, akataka mlango wa mninga, mbao nene, makomeo mawili ya chuma, moja juu na moja chini. Daniel alidhani mteja anaogopa wezi. Siku ya kuufunga, sakafu ilikuwa haijamwagwa vizuri, akakosea kipimo, chini ukabaki uwazi wa kupitisha vidole. Kornelio alilalamika sana kwa uwazi ule. Mwisho akauziba kwa kanga.

"Hata fahali hauvunji," Daniel alisema polepole, akakaa chini, nyundo kati ya magoti.

Lakini kilichompeleka Sekela mle ndani kilitoka kwenye nyumba yao wenyewe, na kilikuwa kitabu.

Atuganile alizaliwa Tukuyu. Shule aliishia darasa la saba, ila kusoma hakukumwisha. Alipoolewa akaja Dar, alijifunza kushona vitambaa vya makochi kwa ajili ya banda la mumewe, na kwenye droo ya cherehani hakukosa kitu cha kusoma, hata kama ni gazeti lililofungia vitunguu. Sekela alipokuwa mdogo alilazwa kwa ugonjwa wa kifua, na wodini humo Atuganile alikutana na akina mama wawili: Munira wa Tanga na Mauwa wa Lindi. Munira alikuwa na riwaya moja kuukuu. Walisomeana kwa zamu, watoto wakikohoa. Waliporuhusiwa, kila mmoja alikuwa hajashiba, wakakubaliana kitabu kitembee kwa posta. Anayekipata anasoma, anaandika maoni yake pembeni ya ukurasa, anakiposti kwa mwenzake. Watoto walikua, kitabu kikaendelea kuzunguka kama mgeni asiyejua kwao.

Jalada liling'oka zamani. Wao walikiita Kitabu cha Yustina tu. Yustina ni msichana wa kijijini anayeona nuru mlimani, na ndani ya nuru anasimama mwanamke mweupe anayemwambia awakusanye watu, wafunge mlango, waache kula, nuru itakuja kuwachukua. Nusu ya kwanza ni tamu kuliko wimbo wa kwaya. Kijiji kizima kinaimba, viwete wanasimama, inaishia watu wote wanaingia nyumba moja na mlango unafungwa. Nusu ya pili ndiko watoto wanakokufa.

Sasa, Mauwa ni msomaji wa taratibu, na Munira hana subira. Akapiga simu analalamika: "Shoga, huyu Mauwa anakilalia kitabu kama kuku na mayai." Hapo Atuganile akachukua mkasi, akakigawa kitabu katikati, akashona kila nusu kwa uzi wa makochi na kuivalisha kitambaa kilichobaki kwenye kochi la mteja. Tangu hapo nusu zilisafiri mbalimbali. Mmoja anasoma mwanzo, mwingine anamalizia mwisho. Wao hawakupoteza kitu, maana walishakijua.

Sekela hakukijua. Alimaliza kidato cha nne, matokeo yakawa mabaya, akakaa nyumbani anafua na kutazama dari. Mama yake akampa nusu ya kwanza ajiliwaze, nusu ya pili ikiwa Tanga. Sekela aliisoma akairudia. Akaanza kuamka alfajiri kutazama upande wa jua. Kisha akasikia kuna mtumishi hapo hapo Chamazi ambaye naye ameiona nuru.

"Mwanangu, mwisho wa kitabu si huo," Atuganile alimwambia. "Yule binti alikuwa haoni kitu. Watu walikufa."

"Unasema hivyo kwa sababu huna imani, mama."

"Nimekisoma kabla hujajua kutembea."

"Basi nionyeshe palipoandikwa."

Hakuwa na cha kumwonyesha. Jumapili Sekela alivaa gauni jeupe, akaweka nusu ya kwanza kwapani, akaondoka. Walisikia kwa wapita njia kwamba Kornelio anawasomea waumini nusu ile kila siku kutoka madhabahuni.

Usiku huo huo, Badru alipokwenda kwao, Atuganile alimpigia Munira.

"Hiyo nusu ya pili, Munira. Naitaka."

"Nilishaiposti shoga, tangu wiki iliyopita. Ningekuwa nayo ningekupigia picha sasa hivi. Si iko sandukuni kwenu? Kuna nini?"

Atuganile alimweleza. "Ya Rabi," alisema Munira. " Kimbilia posta. Mie huku nasimama kuswali."

Sanduku lenyewe la posta lilikuwa la mafundi wa Keko, la pamoja, na ufunguo alikaa nao mzee Stanley, muuza vanishi. Asubuhi Atuganile alikuwa mlangoni kwake kabla mzee hajapiga mswaki, wakaongozana hadi posta. Kifurushi kilikuwemo, kimekunjwa kwa kanga kuukuu kama desturi yao, chini ya barua za watu wengine. Hakukifungua. Alikibana kifuani akapanda bajaji.

Daniel alikuwa akimsubiri karibu na nyumba ya maombi. Mwenyekiti wa mtaa alishaita polisi, gari lilikuwa njiani. Lakini watu walishatangulia. Uvumi ulienea kwamba kuna mtoto kafa humo ndani, na njia yote ilijaa vijana wenye mawe na vipande vya nondo.

Atuganile alipita katikati yao. Walinzi wawili walisimama mbele ya mlango, mmoja na panga, mwenzake na ule mkanda.

"Baba zangu," aliwaambia, "mwanangu yumo. Nataka kumpa kitu tu."

"Rudi, mama. Mtumishi kasema asiingie mwanadamu."

"Siingii. Nampa kwa chini."

Mkanda ulimpata usoni. Hakuuona ukija. Mdomo ulipasuka, akaanguka kwa goti, akasikia meno yake yakigongana, lakini mkono uliokibana kifurushi haukulegea. Kumwona mama mtu mzima akipigwa kuliwatosha wale vijana. Mawe yakaja kama mvua juu ya bati. Aliyeshika panga aliruka ukuta wa jirani akakimbia. Mwenzake aliteleza. Walimfikia akiwa chini. Atuganile alisikia mfupa ukivunjika, mlio mkavu kama kuni, halafu akamsikia akimwita mama yake, halafu hakusikia tena. Damu ya yule kijana ilitambaa kwenye mchanga ikafika kwenye kandambili zake. Hakuwa amemzidi Sekela umri.

"Choma nyumba," mtu alisema.

"Waliomo wakitaka kuokoka watatoka."

Daniel aliweka mgongo wake mlangoni, nyundo ameinua. "Humu mna mtoto wangu. Anayetaka kuwasha aanze na mimi."

"We fundi, si ndiwe uliyewatengenezea?" mmoja alimcheka. "Leo unakumbatia mlango wako. Utengenezee na kitanda, ulale nao."

Wengine walicheka. Jiwe likampiga Daniel mdomoni. Alitema damu na jino, lakini hakusogea. Jingine likampata mbavuni, akakunjika, akanyooka tena.

Ndipo Atuganile akaona aliyeshika kidumu cha petroli. Alikuwa Badru, jicho limevimba hata halifunguki, na alishaanza kumwagia ukutani.

"Badru, mwanangu."

"Toka hapo, mama. Hawa si watu."

"Nimekufuta damu jana."

"Ndiyo maana nakwambia toka."

Hakutoka. Alilala kifudifudi mbele ya mlango, juu ya mchanga wenye damu, akavuta ile kanga iliyoziba uwazi. Ilitoka na harufu ya mkojo na ya watu wasiokula. Petroli ilianza kumlowesha gauni. Badru alishika kiberiti, lakini hakukiwasha, alisimama nacho.

"Sekela."

Ndani waliimba. Sauti zilikuwa za watu waliokaukiwa. Aliita tena, uimbaji ukapungua, na sauti ya Kornelio ikasema, "Msisikilize. Nyoka hupita chini ya mlango."

"Mama," alisema Sekela, na sauti ilikuwa karibu kuliko alivyotegemea, "nenda nyumbani. Nuru inakuja leo."

"Uliniambia nikuonyeshe palipoandikwa. Nimeleta."

Atuganile alifungua kifurushi. Nusu ile ilikuwa nene, haikupita pale chini. Katika miaka yote ya kukituma kitabu kile, hakuna hata mmoja wao aliyethubutu kuchana ukurasa. Aliingiza uzi wa makochi katikati ya meno yaliyokuwa yakimuuma, akaukata. Karatasi zikaachana. Akazisukuma ndani, moja baada ya nyingine, kwa mpangilio, damu ya mdomo wake ikizitia doa.

Ya kwanza ilikaa muda kabla haijavutwa. Zilizofuata zilinyakuliwa.

"Lete hizo," alisema Kornelio. Mkanda ulilia ndani, na mtu akaguna. Ulilia tena. Kisha Sekela akaanza kusoma kwa sauti. Alisoma kwa kukatikakatika, kila kiboko kikimkata neno, naye akilirudia neno lile lile alipoishia. Alisoma mtoto wa kwanza alivyokufa mgongoni kwa mama yake. Alisoma watu walivyokwaruza mlango. Nje nako watu walinyamaza ili wasikie, na waliokuwa na mawe wakayashika tu. Akafika pale Yustina anapolala sakafuni, ulimi umevimba, anawaambia waliobaki: "Mlimani sikuona mtu. Niliona jua kwenye bati, nikapenda mlivyonisikiliza."

Kiboko hakikusikika tena.

"Hapa pembeni pameandikwa kwa mkono," sauti ya Sekela ilisema. "Mungu hali njaa ya mtoto. Munira."

"Ni uongo wa shetani," alisema Kornelio, "leteni hizo karatasi, leteni," lakini mtu mwingine, mwanaume, akamwambia, "Wewe juzi ulikula mkate. Nilikuona."

Kilichofuata kilikuwa vishindo. Benchi lilianguka. Mtu aligongwa kichwa ukutani, mara nyingi kuliko ilivyohitajika, na Kornelio akaomba kwa sauti ya kawaida, isiyo ya mahubiri, kisha akaacha kuomba. Mtoto mdogo alianza kulia. Atuganile alilala pale pale, shavu kwenye saruji, hajui ni damu ya nani inayokuja kwenye vidole vyake kupitia ule uwazi.

"Komeo la chini huwa linanasa," Daniel alisema huku akiinama mlangoni, mdomo umejaa damu. "Mama Sekela, mwambie alinyanyue kwanza, ndiyo avute."

"Linyanyue kwanza, mwanangu. Halafu uvute."

Chuma kilikwaruza. Kikanasa. Kikakwaruza tena, kikaachia. La juu lilichukua muda, maana mikono iliyokuwa ikilitafuta ilikuwa dhaifu, na Atuganile alisikia mkono wa pili ukija kuusaidia wa kwanza. Nyuma yake Badru aliweka kidumu chini.

Mlango ulifunguka kwa ndani, polepole, kama ulivyotengenezwa. Kutoka pale chini alipolala, Atuganile aliziona nyayo za Sekela kwanza, zimevimba, zina damu mpaka kwenye vifundo, na katikati ya kurasa zilizotapakaa sakafuni zilikuwa zikija kwake.