Kopo Lenye Picha ya Mtoto

Maziwa yangu yalikauka mwanangu akiwa na miezi mitatu, baada ya mimi kuugua taifodi. Mama mkwe alikuwa akitoka Misungwi kila juma na kidumu cha maziwa ya ng'ombe wake, akinisihi nimchemshie mtoto. Nilipokea, nikashukuru, na akishaondoka nikawapa majirani. Serikali ilikuwa imeruhusu bidhaa za nje, maduka ya Mkolani yamejaa vitu tulivyozoea kuvisikia tu, na mimi, mwalimu wa darasa la pili, nilijiona msomi. Ya kidumu niliyaona ya kishamba. Ya kopo yalikuwa na karatasi iliyoandikwa "Maziwa Kamili ya Mtoto", na picha ya mtoto mwenye mashavu. Niliisoma karatasi ile neno kwa neno, nikaiamini, nikawa namkorogea mtoto unga wake.

Mtoto akanenepa. Nilimringia hata mama mkwe. Kumbe ulikuwa uvimbe. Nywele zikageuka nyekundu, akaacha kulia, nami nikadhani ametulia. Hospitalini daktari alionja unga ule kwa ncha ya kidole, akasema ni wanga na sukari, maziwa yametiwa kwa kusingizia. Siku ya nne tulimzika.

Niliishtaki kampuni iliyouza makopo yale, pamoja na mwenyewe. Mume wangu alitaka tumwachie Mungu, nikamjibu kwamba Mungu hakufungasha makopo. Wakili mmoja wa parokiani alinisimamia bure. Nilimtaka mtu mmoja tu, mwenye kampuni, asimame aseme alitia nini ndani ya kopo lile. Wakili wake akaeleza kwamba kampuni ni mtu wa kujitegemea mbele ya sheria, mteja wake ana hisa tu. Kisha akanigeukia. Akauliza kama nyumbani kwangu kulikuwa na maziwa ya ng'ombe. Nikasema ndiyo. Yalikwenda wapi? Nikasema niliwapa majirani. Mama mkwe alikuwa amekaa benchi la nyuma, na hakuwahi kulijua jambo hilo. Sikuthubutu kugeuka. Niliona aibu.

Hakimu aliamua kampuni ndiyo ijibu, mwenye kampuni aachwe. Na kampuni ilikuwa imeshafungwa. Ghalani palibaki mzani na magunia matupu.

Nilipotoka nilimkuta mwenye kampuni barazani peke yake, akimsubiri dereva. Akanipa pole. Matusi nilikuwa nayo tele, nikayaacha. Nilijua ana mjukuu mchanga, mji wetu haufichi mambo. Nikamuuliza kitu kimoja.

"Yule mjukuu wako, mlimpa ya kopo?"



"Hapana, mama. Nilijua kilichomo."

Jibu hilo nililitafuta mahakamani mwaka mzima. Akanipa pale barazani, pasipo shahidi, akapanda gari lake akaenda zake.