Tairi Mbili za Mbele

Mume wangu alikuwa askari wa magereza, mtu wa kaskazini, na katika miaka ile ya tisini tuliishi Malukhu, Mbale. Gari tulikuwa nalo moja, dogo, la Kijapani, lililochoshwa na wengine kabla ya kutufikia. Siku za kazi nililiendesha mimi hadi Busiu, nilikofundisha. Jumapili mojamoja alilichukua yeye kwenda Jinja, ambako watu wachache wenye mapenzi ya mbio walishindana katika uwanja wa kiwanda kilichofungwa. Lami ya pale ilikuwa pana. Walipanga mapipa, wakayazunguka mmoja mmoja, na saa ikaamua.

Tairi zetu zilikuwa ngumu, za watu wa mizigo. Zilidumu, lakini kwenye kona zililia na gari likasukumwa nje. Tukaenda kwa muuza tairi mmoja upande wa viwandani, Mwislamu mzaliwa wa mjini.

"Afande, hizi ni mpira laini," alisema, akibonyeza moja kwa ukucha. "Zikipata moto zinang'ang'ania lami. Ila zinaisha upesi, na mawe yanazikata ubavuni."

"Mimi nikiacha lami kwenda shuleni napita njia ya mawe kila siku," nikasema.

"Basi, mama, hizi hapa ni za katikati. Si laini sana, si ngumu. Zinafaa kazini, na mbio zitakubali kidogo."

Mume wangu hakuzitazama za katikati. "Hizo laini ziko ngapi?"

"Mbili tu."

"Mbili inatosha. Injini inavuta mbele, tutafunga mbele. Nyuma inafuata tu."

"Wengi hufanya hivyo," akasema muuzaji.

Sikubisha. Hoja ilionekana sawa, na zile ngumu za nyuma, ingawa zilikuwa zimelika, hazikuwa vipara.

Jumapili iliyofuata tulikwenda Jinja pamoja; palikuwa pakavu. Gari liliingia kona kana kwamba limeshikwa pua, na mume wangu, aliyezoea kumaliza katikati ya kundi, akashika nafasi ya pili. Hakuwa mtu wa maneno. Alizunguka gari, akagusa tairi za mbele zilizokuwa bado na joto, akanipa ufunguo. Mikono yake ilikuwa imechoka.

Tulirudi kwa njia ya Tororo. Tulipoupita mji mvua ikaanza, si kubwa, ya kulowesha lami tu. Karibu na Busiu kuna kona niliyoijua vizuri. Nilikuwa na mwendo wangu wa kila siku, nikaondoa mguu kwenye mafuta kama kila siku. Mbele ikashika, nyuma ikakataa, gari likazunguka. Niliona barabara tuliyotoka ikija mbele ya kioo, kisha nikaona mahindi. Injini ikazima. Hakuna aliyeumia.

Mama mmoja mzee akatokea na jembe. Mume wangu alishuka upesi.

"Pole, mama. Gari imeteleza."

Kusikia Kiswahili, na kuona urefu wake wa watu wa kaskazini, yule mama aliacha jembe lianguke, akainua mikono. Lugha ile aliijua kwa wanajeshi, na hakungoja kuuliza huyu ni wa utawala gani. Mume wangu alirudi nyuma hadi mgongo ukagusa gari. Akasimama pale, mvua ikimpiga, akinitazama mimi.

"Mulembe, mama," nikamsalimia kwa Kimasaba, lugha ya huko, nikamweleza kilichotokea.

"Huyu si askari?" aliuliza.

"Askari wa magereza. Ni mume wangu. Tunatoka kwenye mchezo wa kuzunguka mapipa kwa gari."

Akashusha mikono. Akayatazama mahindi yaliyolala.

"Mapipa yamewaishia," akasema, "mkaja kwa mahindi yangu?"

Nilimtafsiria mume wangu. Alicheka kidogo, kisha akaenda kuyainua mahindi yaliyoweza kuinuliwa. Juma lililofuata tulirudi na mbegu, akalima sehemu ile mwenyewe, mama akimwonyesha mistari kwa kidole.

Nyumbani mume wangu alihamisha tairi: laini nyuma, ngumu mbele. Akangoja mvua, akaenda kwenye uwanja wa wazi kuzunguka polepole, kisha kwa kasi. Alirudi na matope hadi magotini.

"Mbele ikiteleza, usukani unakuambia mapema, unapunguza," alisema. "Nyuma ikiteleza, huna habari mpaka imekupita."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo nyuma isishike chini ya mbele. Zote nne ziwe sawa."

Tukanunua nne za katikati. Muuzaji alisikiliza kisa chetu, akasema "Kumbe," akaanza kuuliza kila mteja wa tairi mbili atazifunga wapi. Jinja, mume wangu alirudi katikati ya kundi na hakupanda tena. Aliendelea kwenda miaka mingine, na mimi niliendelea kuendesha wakati wa kurudi.